Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwenda Kuangalia Kipindi cha Kifaransa Sekondari

Majibu haya ni ya wanachuo wa ualimu wanaotumwa kuangalia vipindi kabla ya BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), na ya mwalimu yeyote anayetaka kukaa nyuma ya darasa la mwenzake na kujifunza kitu. Mifano mingi ni ya Kifaransa katika sekondari za Tanzania, kwa sababu ndilo somo ninalofundisha na wageni wengi huja kwangu. Wa Kichina na Kiarabu nimewawekea swali lao huko chini.

Mimi nitafundisha Kiingereza. Kwa nini nitumwe kwenye Kifaransa?

Kwa sababu huko utaona ufundishaji wa lugha ukiwa peke yake. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akitoka kwenye Kiingereza, anakikuta tena kwenye Biolojia, Jiografia na Fizikia. Hata mwalimu wake wa Kiingereza akiwa mzembe, walimu wengine watamfidia kwa namna fulani. Kifaransa hakina msaidizi. Zikiisha dakika 40, mwanafunzi wa Singida au Lindi hatakisikia tena mpaka kipindi kijacho. Kilichofanyika na ambacho hakikufanyika ndani ya dakika hizo kinaonekana wazi.

Kigoma ni habari nyingine. Pale Burundi na Kongo ziko karibu, na mtoto anaweza kuwa amesikia Kifaransa sokoni au bandarini kabla hajafika Kidato cha Kwanza. Ukipangiwa huko, uliza mapema ni wanafunzi gani wana ndugu ng'ambo ya ziwa, la sivyo utampa mwalimu sifa za shangazi wa mtoto.

Ruhusa naipata wapi?

Mwanachuo hubeba barua ya chuo na kuipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu atakukabidhi kwa mwalimu wa taaluma, na yeye atakupeleka idara ya lugha. Anayekuja kwa utafiti ana safari ndefu zaidi: chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, ndipo shule. Usijaribu kuruka ngazi kwa sababu mnafahamiana na mwalimu. Siku mthibiti ubora akifika na kukukuta darasani bila karatasi, atakayeulizwa ni mwalimu huyo.

Saini kitabu cha wageni. Kisha muone mwalimu wa somo mwenyewe, hata kama mkuu ameshakubali. Ruhusa ya mkuu inakupitisha getini. Darasani unapitishwa na mwalimu.

Nimwambie nini mwalimu kabla ya kipindi?

Msalimie, mwambie umekuja kujifunza, kisha umuulize mambo mawili: leo anataka wanafunzi waweze kufanya nini, na wewe ukae wapi. Omba kuona andalio la somo, ila usilichukue. Akikuambia hajaandika, usikunje uso. Wapo walimu wenye andalio safi na darasa bovu, na wapo wenye andalio kichwani na darasa linalochemka.

Mwombe pia awaambie wanafunzi wewe ni nani. Wasipoambiwa watadhani ni mkaguzi, na darasa lenye mkaguzi halizungumzi.

Nikae wapi?

Vitabu vingi vinasema nyuma. Mimi nasema ubavuni, karibu na dirisha, mahali unapoziona nyuso. Ukikaa nyuma unaona visogo na uso wa mwalimu, na bila kukusudia unaanza kumwangalia mwalimu peke yake.

Sasa nitazame nini hasa?

Midomo ya wanafunzi. Kama kuna jambo moja la kuchukua katika majibu haya yote, ni hilo. Wageni wengi huandika "mwalimu alijiamini", "mwalimu alitumia zana", "mwalimu ana sauti nzuri". Ripoti nzima inakuwa wasifu wa mtu mmoja, wakati chumbani walikuwamo hamsini. Lugha inafundishwa ili itoke kwa hao hamsini. Jiulize basi: leo ilitoka kwa nani, mara ngapi, na kwa sababu gani?

Chagua wanafunzi watatu kabla kipindi hakijaanza: mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa kona ya mwisho. Usimwambie mtu yeyote. Wafuate hao mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja amesema nini kwa Kifaransa? Peke yake au na darasa zima? Alikuwa anasoma kilichoandikwa, au alitunga mwenyewe? Muda ambao hasemi anafanya nini: ananakili, anachora, anamnong'oneza jirani jibu? Ukimaliza utakuta yule wa mbele ametoa sentensi kadhaa, wa katikati amerudia maneno pamoja na wenzake, na wa mwisho pengine amesema "présent" tu wakati wa kuita majina. Hapo ndipo una kitu cha kuandika.

Kisha sikiliza maswali ya mwalimu. Kuna swali ambalo jibu lake kila mtu analijua. Mwalimu anainua kalamu, anauliza "Qu'est-ce que c'est ?", darasa linaitikia "C'est un stylo !" Hilo lina kazi yake wiki ya kwanza. Lakini kuna swali ambalo mwalimu mwenyewe hajui jibu: "Qu'est-ce que tu as mangé hier soir ?" (jana jioni ulikula nini?) Mtoto akijibu "J'ai mangé ugali et dagaa", amesema kweli kuhusu maisha yake kwa lugha ya kigeni, na wenzake wanageuka kumsikiliza. Hesabu maswali ya aina ya pili. Kama hakuna hata moja, andika hivyo bila maneno makali.

Angalia pia mwalimu anangoja muda gani baada ya kuuliza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyesikiliza kanda za madarasa ya sayansi, aliandika mwaka 1974 kwamba walimu kwa kawaida walingoja kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Walipojizuia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wasiozoea kujibu walianza kujibu. Hao walikuwa wanajibu kwa lugha yao wenyewe. Wa kwetu ana kazi mara tatu: aelewe swali, atafute maneno, apange sentensi. Sekunde moja haimtoshi hata kumeza mate.

Kuna fomu maalumu ya kujaza?

Zipo nyingi, na chuo chako kinaweza kuwa na yake. Maarufu ya zamani ni ya Ned Flanders wa Marekani: kila sekunde 3 unaandika namba moja kati ya 10 kuonyesha kinachotokea. Namba saba ni za maneno ya mwalimu, mbili za maneno ya mwanafunzi, moja ya kimya au vurugu. Mgawanyo huo wenyewe unakuambia madarasa aliyoyaona yalikuwaje. Kasoro yake kwetu ni kwamba mwanafunzi akisema "Madame, naomba kutoka" anahesabiwa sawa na aliyesema "Madame, est-ce que je peux sortir ?" Mwaka 1984 watafiti wa Kanada walitoa fomu nyingine, COLT, iliyotengenezwa kwa ajili ya madarasa ya lugha. Hiyo inauliza lugha gani inatumika na kama kuna ujumbe wa kweli unaopita.

Anayeanza simshauri hata moja kati ya hizo. Chora safu nne daftarini: dakika, nani anasema, lugha gani, kusudi gani. Tumia herufi: F kwa Kifaransa, S kwa Kiswahili, E kwa Kiingereza, U wakiandika, K kimya. Weka alama kila dakika. Ukurasa mmoja unatosha kipindi kizima, na ukiutazama kwa mbali unaona picha yake: F zimejaa wapi, S zimeingia lini.

Mwalimu alitumia Kiswahili sana. Niandike kwamba ni kosa?

Pole pole hapo. ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani, tangu 2010 kinapendekeza lugha lengwa, yaani ile inayofundishwa, itumike asilimia 90 au zaidi ya muda wa darasa. Wengi wetu tumefundishwa kitu kinachofanana na hicho. Lakini darasa letu lina lugha tatu. Kiswahili ndicho wanachoongea. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kufundishia sekondari. Kifaransa ndicho somo. Swali la maana ni kila lugha imefanya kazi gani, na kwa nini iliitwa wakati ule.

Mfano. Mwanafunzi akitaja umri anasema "Je suis quinze ans", yaani "mimi ni miaka kumi na mitano". Kosa hilo halikutoka Kiswahili, limetoka Kiingereza, kwa sababu mwalimu alielezea umri kwa Kiingereza na mtoto akafuata mkondo wa Kiingereza. Angekumbushwa kwamba kwao husema "nina miaka kumi na mitano", "j'ai quinze ans", ambayo nayo hutumia "nina", ingekaa mara moja. Vivyo hivyo "j'ai faim" na "nina njaa", "j'ai soif" na "nina kiu". Hata mpangilio wa "une voiture rouge" ni wa "gari jekundu": jina kwanza, sifa baadaye. Kifaransa na Kiswahili vinakutana mahali pengi ambapo Kiingereza kimekwenda njia yake, na bado tunalazimisha watoto wapitie Kiingereza kwenda Kifaransa. Mimi naona ni hasara tupu.

Jinsia za majina ni hivyo hivyo. Mwalimu anapotumia nusu kipindi kueleza kwa Kiingereza kwa nini meza ni ya kike, darasa linabaki kucheka. Mtoto aliyekua akisema "kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri" hahitaji kushawishiwa kwamba jina linaweza kuvuta maneno mengine yalifuate. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba kwa Kifaransa alama mara nyingi haionekani kwenye jina lenyewe, kwa hiyo ajifunze "la table" kama kitu kimoja, asijifunze "table" kisha aanze kutafuta.

Kwa hiyo Kiswahili cha sekunde ishirini kinachofungua njia, kisha darasa likarudi kwenye Kifaransa, ni ufundi. Kiswahili cha kutoa maagizo ya kila siku ("fungueni ukurasa wa kumi", "kaeni", "nani hajaandika?") ni uvivu, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo Kifaransa chake kingerudiwa kila kipindi na kuingia bila mtu kujisumbua. Nyakati hizo ziandike.

Wanaitikia kwa pamoja kila kitu. Ni vibaya?

Wageni kutoka nje hukimbilia kulaumu jambo hili. Mimi silaumu. Kuitikia pamoja humpa mwoga nafasi ya kujaribu sauti bila kuchekwa, na sauti za Kifaransa zinahitaji majaribio. Kiswahili hakina ile "u" ya "tu" inayotofautiana na "ou" ya "tout". Hakina irabu za puani kama za "vin" na "vent". Na tumezoea kusoma kila herufi iliyoandikwa, ndiyo maana "ils parlent" hutoka na mkia wake wote, wakati "-ent" ya mwisho haitamkwi. Mara kumi kwa pamoja kunasaidia.

Tatizo linaanza pale pamoja inapokuwa mwisho. Mwalimu anauliza "Vous avez compris ?" (mmeelewa?), wanajibu "Ouiii !", somo linasonga. Ile "oui" haina habari yoyote ndani yake. Tazama kama baada ya pamoja wanakuja wawili wawili, kisha mmoja mmoja.

Darasa kubwa hivi, mwalimu atawazungumzishaje wote?

Kwa kuwageuza. Waliokaa dawati moja wazungumze kwa dakika tatu, na wote watakuwa wamefungua mdomo. Kutakuwa na kelele, na mwalimu wa darasa la jirani atachungulia. Angalia kama mwalimu anazunguka kusikiliza au anakaa mezani kusahihisha madaftari. Sikiliza pia wanachosema baada ya dakika ya kwanza: mara nyingi hurudi kwenye Kiswahili na habari za mpira. Hilo linatokea duniani kote. Kinachotofautisha walimu ni kama kazi waliyopewa ilikuwa na kitu cha kutafuta kwa mwenzako. "Zungumzeni kuhusu familia" inaisha upesi. "Tafuta nani kati yenu ana kaka wengi, kisha utuambie" inadumu.

Kuna sura moja ambayo karibu kila mara inazaa mazungumzo ya kweli, nayo ni ya saa. Kwa kuwa saa zetu huanza kuhesabiwa alfajiri, mwanafunzi ataandika "il est deux heures" akimaanisha saa mbili asubuhi, na Mfaransa atamsubiri mchana. Ukiweza, omba kuingia siku hiyo.

Makosa yanasahihishwaje? Niangalie nini?

Angalia mwanafunzi anafanya nini baada ya kusahihishwa. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wao wa madarasa ya Kanada ambamo watoto walisoma masomo kwa Kifaransa. Zaidi ya nusu ya masahihisho yalikuwa ya aina moja: mwalimu anarudia sentensi ya mtoto ikiwa sahihi, kisha anaendelea. Na hiyo ndiyo ilikuwa njia iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi wajibu lolote. Mtoto anasema "Elle est allée au marché hier, elle a acheté le poisson", akikosea kusema "le" badala ya "du", mwalimu anasema "Ah oui, elle a acheté du poisson, très bien", mtoto anasikia "très bien" (vizuri sana) peke yake.

Njia zilizofanya kazi zaidi ni zile zinazomrudishia mwanafunzi kazi: kuanza sentensi na kuiacha hewani, kuuliza "Pardon ?", kuonyesha kidole mahali pa kosa. Kwa hiyo daftarini usiandike tu "alisahihisha". Andika kosa, alichosema mwalimu, na alichosema mwanafunzi baada ya hapo. Safu hiyo ya tatu ndiyo wengi huiacha tupu.

Na kicheko. Je, wenzake walicheka, na mwalimu alifanya nini? Mwanafunzi aliyechekwa kwa matamshi Jumatatu hatanyoosha mkono Alhamisi.

Sijui Kifaransa hata kidogo. Nitaambulia kitu?

Ndiyo, na pengine zaidi ya anayekijua. Utakuwa katika hali ya mwanafunzi wa kona ya mwisho. Andika kila unapoelewa bila kutafsiriwa: kilikusaidia nini? Picha, ishara ya mikono, neno linalofanana na la Kiingereza? Na andika dakika uliyopotea.

Mbona walimu wengi hawagusi kuzungumza wala kusikiliza?

Hufundisha kwa kuangalia mtihani unakoelekea. Nchini Kenya, Kifaransa cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kina karatasi tatu na ya tatu ni ya mazungumzo, hivyo mwalimu wa Kidato cha Nne anajua mwanafunzi wake atakaa mbele ya mtu na kuongea. Mitihani ya DELF inayoandaliwa na Ufaransa hugawa alama 100 sawasawa: 25 kusikiliza, 25 kusoma, 25 kuandika, 25 kuzungumza; na anayepata chini ya 5 katika sehemu yoyote hafaulu. Ukikuta shule inayopeleka wanafunzi DELF, vipindi vyake vina ladha nyingine. Spika na umeme navyo vina mchango, lakini mwalimu mwenyewe ana mdomo, na imla ya mistari mitano haihitaji umeme.

Naruhusiwa kurekodi au kupiga picha?

Bila idhini ya shule, hapana. Wanafunzi wengi ni watoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina yake ya 2019. Picha ya darasa kwenye status yako ya WhatsApp ni uchapishaji pia. Majina ya wanafunzi usiyaandike. "M1, M2, M3" inatosha.

Najuaje kwamba mwalimu hanifanyii maigizo?

Siku ya kwanza anakufanyia, na usimlaumu. Dalili ni nyepesi: anaposema "mettez-vous en groupes" (kaeni kwa makundi) na wanafunzi wanatazamana, hawajawahi kuambiwa hivyo. Wakiinuka na kugeuza madawati kabla hajamaliza sentensi, ni desturi yao. Rudi tena na tena, ikiwezekana darasa lile lile. Utakapoanza kuitwa kusaidia kugawa madaftari, ujue umeanza kuona darasa lenyewe.

Mimi naangalia Kichina au Kiarabu. Haya yananihusu?

Karibu yote. Kwa Kichina ongeza macho kwenye toni na muda unaotumika kunakili herufi, kwa sababu unaweza kumeza kipindi kizima darasa likiwa kimya na likionekana lina bidii. Kwa Kiarabu, hasa Zanzibar na mwambao, darasa moja lina aliyepita madrasa na anayesoma maandishi kwa kasi ya kutisha, na aliyehamia juzi asiyejua "alif". Lakini kusoma kwa sauti na kuelewa ni mambo mawili. Tazama kama mwalimu anauliza maana.

Baada ya kipindi nimwambie nini mwalimu?

Asante kwanza. Kisha uliza, usihukumu: "Mwalimu, nimeona uliporudi kwenye Kiswahili kueleza 'du' na 'de la'. Uliona nini kwao?" Jibu atakalokupa mara nyingi lina thamani kuliko ukurasa wako wote, kwa sababu yeye anajua nani hajala asubuhi na nani alikuwa hospitali wiki iliyopita. Akikuomba maoni, mpe jambo moja ulilolipenda kwa mfano wake, na swali moja. Orodha ya mapungufu mpelekee mkufunzi wako, akiitaka.

Ripoti iwe ndefu kiasi gani?

Fuata chuo. Lakini tenganisha ulichoona na unachofikiri. "Saa 3:20, M3 alifungua daftari la Hesabu" ni ulichoona. "M3 hapendi Kifaransa" ni ulichobuni.

Nimefika, mwalimu hayupo, na mwalimu wa zamu ananiambia niingie nifundishe. Nifanye nini?

Hutokea mara nyingi kuliko vyuo vinavyodhani. Kama hujui Kifaransa, sema hivyo waziwazi na uombe kukaa nao wakifanya zoezi walilopewa. Kama unakijua, ingia, usianze mada mpya. Waulize kwa Kifaransa wanachokumbuka kutoka kipindi kilichopita, ungoje kwa muda utakaouona mrefu kupita kiasi, kisha andika ubaoni walichosema wao. Mwachie mwalimu ujumbe wa mistari miwili kwenye meza yake ili akirudi ajue walipofika.